Upepo Ndio Ubebao Mzigo

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa Ziwa Rukwa. Pikapu ipandayo kutoka Muze kupitia Ntendo, ikiwa imejaa mpunga na samaki, na juu ya mzigo wameketi abiria, haina nafasi ya kukosea. Hata hivyo, madereva wengi hupima upepo kwa kulipiga tairi teke na kusikiliza mlio wake. Teke si kipimo.

Kosa hili limejengwa juu ya imani kwamba mpira mnene na nyuzi za chuma ndivyo vibebavyo mzigo. Kwa kweli sehemu kubwa ya uzito huchukuliwa na upepo uliofungiwa ndani. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kanieneo aweza kukadiria mwenyewe. Gurudumu lililobeba kilo 800 hukandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 7,840. Upepo ukiwa kilopaskali 300, yaani karibu ratili 43 kwa inchi ya mraba, tairi huigusa ardhi kwa eneo la sentimeta za mraba 260 hivi. Upepo ukishuka hadi kilopaskali 200, eneo hilo hufikia 390. Ukuta wa tairi hulazimika kupinda zaidi katika kila mzunguko, na kila mpindo huzaa joto. Joto likizidi, mpira huachana na nyuzi, na tairi hupasuka.

Wengine hudhani dawa ni kujaza upepo kupita kiasi. Tairi lenye alama 106/104 hubeba kilo 950 likiwa peke yake, au kilo 900 likifungwa mawili mawili, kwa upepo ulioagizwa na mtengenezaji. Kuzidisha upepo hakuongezi kiwango hicho, wala pampu haiziongezei nguvu springi, ekseli na breki.

Tena, uzito wenyewe haujulikani. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa ingalipo. Basi anayesema amepakia “gunia kumi” hajasema kitu.

Kuhusu mwinuko, wako wanaouogopa bure. Chukua tairi lililojazwa kilopaskali 300 mjini Sumbawanga alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 15 za Selsiasi. Kanieneo ya angahewa pale ni kama 82, hivyo jumla ndani ya tairi ni 382. Likifika Muze, na joto lake likiwa nyuzi 35, jumla hupanda hadi 408. Hewa ya bondeni, iliyo kama 92, hupunguza tofauti, na geji husoma 316. Joto limeongeza 26, mteremko umeondoa 10 tu. Na joto la breki bado halijahesabiwa. Dereva anayepunguza upepo huo mchana atarudi mlimani, penye baridi ya usiku, na tairi lililolegea. Tairi hupimwa likiwa limepoa.

Ni ajabu kwamba sheria za gesi hufundishwa kwa mchoro wa silinda ubaoni, ilhali nje ya dirisha limesimama gari lenye magurudumu manne. Geji moja ya upepo, kipimajoto kimoja na gari la shule vyatosha kwa somo zima: wanafunzi wapime alfajiri kabla gari halijaondoka, wapime tena lirudipo, kisha wakokotoe kwa kelvini ni kiasi gani cha ongezeko kimeletwa na joto.