Nani Aliyeilipia Bustani Hii?

Speke Hall, pembezoni mwa jiji la Liverpool, ni jumba la mbao lililojengwa na ukoo wa Norris katika karne ya 16. Mgeni huingia kwa daraja linalovuka handaki ambalo zamani lilikuwa na maji na leo ni kavu. Katika ua wa ndani imesimama miti miwili ya kale iitwayo Adamu na Hawa. Nimelitembelea, na sibishi kwamba ni zuri. Ninalolipinga ni dai kwamba uzuri huo usiulizwe maswali.

Mwaka 1795 jumba hilo lilinunuliwa na Richard Watt, mfanyabiashara aliyetajirika Jamaika kwa sukari na jasho la watumwa. Septemba 2020, National Trust, taasisi inayolitunza, ilichapisha ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, Speke Hall likiwa mojawapo. Baadhi ya wabunge wa chama tawala walipandwa na hasira: eti taasisi imeingiza siasa katika matembezi ya watu. Tume inayosimamia asasi za hisani ikalichunguza suala hilo, na Machi 2021 ikaamua kwamba sheria haikuvunjwa.

Tuipime hoja yao. Ndani ya jumba hilo mgeni huoneshwa maficho ya mapadri wa Kikatoliki waliosakwa na dola enzi za Malkia Elizabeth I. Hakuna anayelalamika kwamba hiyo ni siasa. Basi mateso ya padri ni historia, ila mateso ya mkata miwa ni uchochezi? Huo si utetezi wa historia. Ni kuchagua nani astahili kukumbukwa.

Wala mambo haya si ya kale mno. Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa mwaka 1833, lilitenga fidia ya paundi milioni 20 kwa wamiliki. Watumwa hawakupata hata senti. Deni lililotokana na mkopo wa fidia hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015.

Nasi tusijitoe katika kesi hii. Amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar, chini ya himaya ya Uingereza, nayo iliahidi fidia kwa mabwana, si kwa waliolima na kuchuma karafuu. Je, tunapowatembeza wageni katika majumba ya masultani, tunawaeleza nani aliyeyagharimia?

Ndugu zangu mlio katika idara za mambo ya kale na utalii, kibao cha maelezo mlangoni ni waraka wa umma. Kikimtaja mwenye nyumba tu, kinasema uongo kwa kunyamaza. Mwandikeni na aliyelima.