Kujinyoosha Si Uvivu

Kuna jambo linalonikera, nami nimeonelea nilitoe hapa jaridani. Katika shule yetu, mwanafunzi akisimama wakati wa masomo ya usiku akanyoosha mikono, kiranja humwandika jina. Kosa? Uvivu. Kesho yake utamwona akiokota takataka uwanjani, na shingo bado imemkauka kama gogo.

Nakubali, kwetu nyumbani mtu anayejinyoosha mbele ya watu huonekana hana adabu, au ndiyo kwanza ametoka usingizini. Hata nyanya yangu angenikemea. Lakini hebu tuutazame mwili wenyewe.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Ukikiinamisha juu ya daftari, misuli ya shingo na mabega ndiyo inayokizuia kisianguke, nayo haipumziki muda wote ulioinama. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa tatu na nusu, hebu piga hesabu! Misuli hiyo hukaza ikauma, na mara nyingi maumivu hupanda hadi kichwani. Hofu ya mtihani nayo haiko mbali, kwani mwenye wasiwasi hupandisha mabega na kukaza meno bila kujijua. Darasani mwetu yupo mwenzetu ambaye muhula uliopita alikwenda kwa muuguzi karibu kila juma kuomba dawa ya kichwa. Alipewa vidonge, akarudi kuinama palepale.

Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, alitoa kitabu mwaka wa 1929 akieleza kuwa misuli ikilegea, akili nayo hutulia. Njia yake ilikuwa kukaza msuli kwa makusudi kisha kuuachilia. Kujinyoosha ni jamaa ya njia hiyo. Ukiuvuta msuli polepole kwa sekunde 15 hadi 30 huku ukipumua taratibu, ule mkazo hupungua na moyo nao huacha kwenda mbio. Si uganga. Huko Japani, redio ilianza kutangaza mazoezi mepesi ya viungo mwaka wa 1928. Yalikatizwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yakarudi 1951, na hadi leo wapo watoto kwa wazee wanaoyafanya pamoja asubuhi. Sijasikia mtu akiwaita Wajapani wavivu!

Tena hayana gharama. Laza kichwa upande wa kulia mpaka usikie shingo inavutika upande wa kushoto, subiri, kisha badilisha. Zungusha mabega kwa nyuma. Fungamanisha vidole uinue mikono, viganja vikitazama dari. Usijivute kwa kishindo, na ukisikia uchungu mkali, acha. Wala usingoje usiku wa kuamkia mtihani; anayefaidika ni yule afanyaye kila siku.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba darasa zima likisimama, kelele zitafuata. Labda siku mbili za kwanza. Ama kuhusu muda, dakika tano katika saa mbili na nusu ni nini, jamani? Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika KCSE ni ya saa mbili na nusu vilevile, na hakuna mtahiniwa mwenye mgongo wa chuma. Na lile somo la mazoezi ya viungo lililo kwenye ratiba, sote twajua linavyomezwa na Hisabati kwa kuwa halitahiniwi.

Sisemi kwamba kujinyoosha kutamlipia mtu karo. Aliyerudishwa nyumbani mara tatu kwa muhula ana dhiki ambayo mabega kulegea hakutaiondoa. Huyo na azungumze na mwalimu mshauri. Mimi nawasemea wale ambao miili yao inaumia bure.

Ombi langu kwa mwalimu mkuu na viranja ni dogo. Kengele ilie saa mbili na robo, tusimame kando ya madawati dakika tano, kimyakimya, kisha tuketi tuendelee kubukua. Kidato cha Nne waanze, sisi wengine tufuate. Na majina yaliyokwisha kuandikwa kwa kosa la kunyoosha mikono yafutwe daftarini.