Kabla ya Kusema Ni Mawazo Tu

Mtu akishikwa na wasiwasi usioelezeka, kila mmoja nyumbani huwa na jibu lake. Shangazi atasema ni mawazo ya ada za shule. Jirani atanong'ona kwamba amerogwa. Mwingine atamwambia aache kujiendekeza. Maoni yetu ni kwamba, kabla ya maneno hayo, mgonjwa achunguzwe tezi.

Shingoni, chini ya kikoromeo, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi. Hutoa homoni zinazoongoza kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, na matumizi ya chakula. Homoni hizo zikizidi, mwili hukimbia ingawa mtu amekaa kitini. Moyo hudunda, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hofu huingia. Zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi, hunenepa na kukosa furaha. Naye pia huweza kuwa na wasiwasi.

Zipo dalili za kutuamsha. Mtu anakula vizuri lakini anakonda. Asubuhi ya ukungu kule Kibosho au Marangu, wenzake wamevaa masweta, yeye anatoka jasho. Macho yametokeza, au shingo imevimba. Mama aliyejifungua naye aangaliwe, kwani tezi huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya uzazi. Mzazi anayeletewa mtori kila siku na bado anakonda, huku moyo unamwenda mbio, asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa kulea.

Wengi hudhani pasipo goita hakuna ugonjwa wa tezi. Sivyo. Chumvi yenye madini joto, iliyoenezwa nchini tangu miaka ya 1990, hukinga goita inayotokana na upungufu wa madini hayo. Lakini tezi huweza kuugua bila kuvimba, na pia mwenye goita huweza kuwa na homoni za kawaida. Jicho halitoshi, damu ipimwe.

Kipimo cha kwanza ni TSH. Hii ni homoni ya tezi nyingine, iliyo chini ya ubongo, ambayo huihimiza thairoidi kama nyapara. Kwa kawaida, thairoidi ikizembea, TSH hupanda; ikizidisha kazi, TSH hushuka. Majibu yakiwa si ya kawaida, hupimwa homoni za thairoidi zenyewe. Mweleze daktari dawa unazotumia na kama una mimba, maana hayo huweza kubadili majibu.

Hatusemi kila mwenye hofu apimwe, kwani kipimo ni fedha. Daktari aamue baada ya kumwona mgonjwa. Anzeni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Ikihitajika mtapewa rufaa, hata KCMC hapa Moshi. Lakini familia iliyo tayari kuuza mbuzi ili kumlipa mganga isilalamike kwamba kipimo ni ghali.

Je, majibu yakiwa mazuri? Mgonjwa asichekwe wala kuitwa mwongo. Wasiwasi wenyewe ni ugonjwa, nao hutibika kwa ushauri na dawa. Na atakayekutwa na tatizo la tezi asiache vidonge kwa sababu tu amepata nafuu. Arudi kliniki kama alivyoelekezwa. Kumwombea ni vyema. Kumsindikiza hospitali nako ni wajibu wetu.