Bunduki ya Askari na Ngano ya Basotu

Miongoni mwa zana zote za jeshi, hakuna iliyo ndogo na iliyo nyingi kuliko bunduki ya askari wa miguu. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa kuichagua ni kazi nyepesi: maafisa wachache wakiitazama, wakipiga shabaha asubuhi moja na kuuliza bei, shauri limekwisha. Dhana hiyo ina hatari. Bunduki ikishapokewa jeshini hukaa miaka thelathini au zaidi. Huja na aina yake ya risasi, na risasi hudai kiwanda, maghala, vipuri na mafunzo yake. Kosa lililofanywa katika mkutano mmoja huweza kulipwa na vizazi viwili vya askari, na baadhi yao hulilipa kwa uhai.

Swali la bunduki ijayo litayafikia majeshi yote ya Afrika Mashariki, kwa kuwa chuma huchakaa na silaha za wenzao hubadilika. Mwaka 2022 Marekani ilichagua bunduki mpya yenye risasi ya milimita 6.8, baada ya zaidi ya nusu karne ya kutumia ile ya milimita 5.56. Hapana shaka wauzaji watabisha hodi. Yafaa basi kujadiliwa mapema, si ipi inunuliwe, bali ni kwa njia gani ipate kuchaguliwa.

Njia hiyo haina haja ya kutafutwa ng'ambo. Imo katika historia ya Basotu, kwenye uwanda wa ngano ulio chini ya mlima Hanang, mkoani Manyara. Kati ya mwaka 1965 na 1970 Canada ilikuwa na ujumbe wa wakufunzi wa kijeshi nchini Tanzania. Ujumbe huo ulipoondoka, nafasi yake ilishikwa na Wachina. Na ni katika mwaka huohuo wa 1970 ambapo Canada ilianza kusaidia kilimo kikubwa cha ngano huko Hanang. Basotu likawa shamba la kwanza kati ya saba yaliyoendeshwa na shirika la umma la NAFCO, kila moja likiwa na ekari zinazokaribia 10,000.

Katika mashamba hayo mambo mawili yalichaguliwa kwa njia mbili zilizo mbali kabisa. Mbegu zilichaguliwa kwa kipimo. Watafiti wa kituo cha Selian, karibu na Arusha, walizipanda aina mbalimbali za ngano bega kwa bega katika vijishamba vidogo, wakazirudia mahali pengi na kwa misimu mingi, kisha wakalinganisha mavuno na ustahimilivu wa magonjwa. Mbegu haikupokewa kwa sababu ilisifiwa Canada. Ilipokewa kwa sababu ilistawi katika udongo wa Hanang. Mitambo, kwa upande wake, ilikuja pamoja na msaada. Matrekta makubwa, mashine za kuvunia na vipuri vyake vilitoka kwa mfadhili, na alimradi msaada ulidumu, kazi ilikwenda. Msaada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba yalidhoofika, na hatimaye serikali ikajitoa katika kuyaendesha.

Kulikuwa na kasoro ya tatu. Wabarabaig, ambao mifugo yao ilikuwa ikilisha katika uwanda huo tangu zamani, hawakushauriwa ipasavyo kabla ya malisho yao kulimwa. Shauri la kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO lilifika Mahakama Kuu na kisha Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Aliyeijua ardhi kuliko wote ndiye aliyeulizwa mwisho, tena mahakamani.

Mafunzo haya matatu, yaani kupima kwenye udongo wenyewe, kufikiria siku ambayo mfadhili hayupo, na kumsikiliza mtumiaji, ndiyo yanayotakiwa katika uchaguzi wa bunduki. Ili kuona sababu, hapana budi kukitazama chombo chenyewe.

Bunduki ya kisasa ni injini ndogo. Baruti inapoungua ndani ya ganda, gesi husukuma kichwa cha risasi katika mtutu. Sehemu ya gesi hiyo hupenyezwa kwenye tundu dogo, ikarudisha nyuma pistoni au kifungio chenyewe. Ganda tupu hutolewa, springi hukandamizwa, kisha risasi nyingine husukumwa mahali pake. Mambo hayo yote hutimia katika sehemu ndogo ya sekunde. Gesi ikiwa haba, kifungio hakirudi vya kutosha. Ikizidi, ganda huvutwa kabla halijalegea, likakwama au kukatika. Kwa hiyo bunduki haiwezi kutenganishwa na risasi yake, kama vile injini ya dizeli isivyoweza kutenganishwa na dizeli.

Aina tatu za risasi zimeenea duniani. Ile ya Kirusi ya milimita 7.62 kwa 39 ina ganda lililochongoka, jambo linalolirahisishia kutoka, na ndiyo sababu kasha lake la risasi limepinda kama mundu. Kichwa chake huwa na uzito wa takriban gramu 8, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo unaozidi kidogo mita 700 kwa sekunde, kikibeba nishati ya juli zipatazo 2,000. Risasi ya milimita 5.56 ya nchi za NATO ina kichwa cha gramu 4 tu, lakini mwendo wake hupita mita 900 kwa sekunde. Ya tatu, ya milimita 7.62 kwa 51, hubeba juli zaidi ya 3,000 na hufika mbali, ila teke lake ni kali na uzito wake ni mkubwa. Katika kilo moja askari atabeba risasi kama 80 za aina ya pili, 60 za aina ya kwanza, na 40 tu za aina ya tatu. Hakuna iliyo bora kwa kila kazi. Anayetaka umbali hulipa kwa uzito, na anayetaka wepesi hulipa kwa nguvu.

Kwamba bunduki ni risasi yake, ardhi ya Tanzania imekwisha kushuhudia. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti ya moshi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji. Baada ya vita vya Tanga, Novemba 1914, walijipatia mamia ya bunduki za kisasa na shehena kubwa ya risasi zilizoachwa na Waingereza. Miaka mitatu baadaye, huko Ngomano ng'ambo ya mto Ruvuma, walijizatiti upya kwa bunduki na risasi za Wareno, kwa maana silaha isiyo na risasi ni fimbo tu.

Mataifa tajiri nayo yamejikwaa. Katika miaka ya 1960 Marekani iliwapa askari wake nchini Vietnam bunduki ya M16. Baada ya majaribio ya mwanzo aina ya baruti ilibadilishwa, mtutu ukaachwa bila kupakwa kromu ndani, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kuisafishia. Maganda yakakwama mapambanoni, watu wakafa, na mwaka 1967 kamati ya Bunge la nchi hiyo ikatoa taarifa kali. Bunduki iliyopimwa haikuwa tena ile iliyopigana. Uingereza ilipokea bunduki yake ya SA80 mwaka 1985, ikalazimika kuirekebisha kwa gharama ya zaidi ya paundi milioni 80 kuanzia mwaka 2000. Ujerumani nayo ilitangaza mwaka 2015 kuwa bunduki yake ya G36 hupoteza shabaha ikipata joto jingi. Serikali ilipodai fidia, mahakama ya Koblenz iliamua mwaka 2016 kuwa mtengenezaji hana deni, kwa kuwa alitoa kile kilichoandikwa katika mkataba. Kumbe sharti ambalo mnunuzi hakuliandika hawezi kulidai.

Ni kipimo gani, basi, kinachofaa? Kwanza, mahitaji yaandikwe kabla muuzaji yeyote hajaitwa: askari atapiga umbali gani, atabeba uzito gani, katika joto, vumbi na matope ya namna gani. Uwanda wa Basotu ni mtihani mzuri wa kufikiria. Uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na zaidi, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya asilimia 15, hata njia ya risasi ya mbali hubadilika kidogo. Wakati wa kiangazi vumbi lake jembamba huchanganyika na mafuta ya bunduki likawa kama msasa wa majimaji. Wakati wa masika udongo mweusi hung'ang'ania kila kitu. Bunduki iliyong'ara katika uwanja wa maonyesho haijajibu swali hilo. Ipimwe katika mazingira kama hayo, tena katika unyevu na chumvi ya pwani, na katika mvua za Kagera.

Pili, majaribio yawe mengi. Muuzaji akipiga risasi 1,000 bila bunduki kukwama, watazamaji hupiga makofi. Lakini hesabu ya takwimu yasema kuwa matokeo hayo bado yaweza kutoka kwa bunduki inayokwama mara tatu katika kila risasi 1,000. Kiwango hicho chaonekana kidogo. Hata hivyo, kati ya askari kumi wanaokwenda vitani na risasi 120 kila mmoja, karibu watatu watakwamiwa angalau mara moja kabla hazijaisha. Ili kupata hakika, hupaswa kupigwa maelfu mengi ya risasi, kwa bunduki nyingi zilizochaguliwa kwa kura, wala si zile alizozitengeneza fundi wa muuzaji usiku wa kuamkia maonyesho. Kila aina ipigwe na askari walewale, siku zilezile, kwa zamu iliyopangwa, mfano wa vijishamba vya ngano vilivyopandwa bega kwa bega.

Tatu, wapimaji wawe askari wa kawaida: mrefu na mfupi, mwanamume na mwanamke, hodari na mgeni wa silaha. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Afisa wa ununuzi hailalii bunduki hiyo.

Wapo watakaopinga. Wengine watasema kuwa haya ni mambo ya siri. Ni kweli kwamba idadi ya silaha na mahali zilipowekwa havistahili kutangazwa. Lakini utaratibu wa kupima si siri, na siri inayoficha utaratibu aghalabu humfaa muuzaji kuliko adui. Wengine watasema kuwa bunduki ya asili ya Kirusi, ile ambayo raia huijua kwa jina la SMG, imekwisha kuthibitika duniani kote; ya nini kupoteza fedha? Hoja hiyo ina uzito. Askari wengi wameizoea, nayo huvumilia uchafu. Huenda ndiyo itakayoshinda. Ishinde basi kwa kipimo, si kwa mazoea. Na gharama ya majaribio ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kununua mara mbili.

Hoja iliyo nzito kupita zote ni ya msaada. Nchi maskini ikipewa silaha bure, itakataaje? Hapa ndipo matrekta ya Basotu yanapopaswa kukumbukwa. Zawadi yenye risasi ambayo nchi haiwezi kuitengeneza ni deni lisilo na tarehe. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilionyesha kuwa saa ya vita haingoji meli. Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro, lililoundwa mwaka 1974, ambalo hutengeneza risasi. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na mwaka 2021 ilizindua huko Ruiru kiwanda cha bunduki chenye uwezo uliotajwa kuwa wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila bunduki inayopendekezwa, hata ya bure, iulizwe maswali mawili: je, risasi yake itatengenezwa nchini? Na ikipigwa kwa risasi hizo za nchini, si zile za muuzaji, je, itafanya kazi vilevile?

Kazi hii haiwezi kuachiwa jeshi peke yake. Wataalamu wa takwimu, wahandisi, wanakemia na waganga walioko katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti wana wajibu wa kuketi meza moja na maafisa, na Bunge lina haki ya kuuliza kama upimaji ulifanyika kabla ya fedha kutoka. Mkulima wa Hanang hakubali mbegu kwa sababu gunia lake limeandikwa vizuri. Huitia udongoni kwanza, akangoja ichipue. Askari, ambaye mavuno yake ni uhai wake na wa wenzake, hastahili kupewa chombo kilichochaguliwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.