Historia yetu isiuzwe kwa kilo

Wiki mbili zilizopita niliona taa ya gari ikipimwa kwenye mizani ya vyuma kuukuu hapa Voi. Haikuwa taa ya Probox wala ya matatu. Ilikuwa ya brasi, kubwa kama sufuria, ya aina ile iliyowashwa kwa gesi na kiberiti kabla magari hayajazoea taa za umeme. Mwenye mizani aliikwaruza kwa msumari, akaona njano inang'aa, akatabasamu. Kijana aliyeileta akahesabu pesa zake akaondoka. Hakuna aliyemuuliza taa ilitoka kwenye gari gani wala gari hilo lilikuwa la nani. Hata mimi sikuuliza. Nilisimama tu, simu mkononi, kama mgeni.

Yule kijana simlaumu. Njaa haingoji makumbusho. Lakini wewe na mimi tuulizane kitu. Magari ya East African Safari Classic yakipita kaunti hii tunajaa kando ya barabara, tunachukua video za Porsche 911 na Datsun za zamani, tunapost kabla vumbi halijatulia. Sasa mbona chuma kilichozeeka kuliko magari hayo yote tunakipeleka wenyewe kuyeyushwa?

Acha nikurudishe nyuma kidogo. Agosti 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Kilimanjaro wakaiteka Taveta. Mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau. Ndiyo mwanzo wa reli ya Voi–Taveta. Na kando ya reli hiyo, kwenye vumbi jekundu na miiba unayoijua, yakaja magari.

Moja ya majina yaliyokuja ni Rolls-Royce. Najua leo ukisikia jina hilo unawaza tajiri wa Dubai au video ya msanii. Huku kwetu lilifika likiwa limevikwa mabamba ya chuma, bunduki ya rashasha ikichungulia juu. Februari 12, 1916, magari ya kivita yalikuwepo wakati wanajeshi wa Uingereza na Afrika Kusini waliposhambulia kilima cha Salaita, kabla hujafika Taveta. Walirudishwa nyuma. Chuma chote kile hakikuwafaa siku hiyo.

Jina la pili ni Ford Model T. Hili ndilo gari lililomtoa mtu wa kawaida wa Marekani kwenye farasi. Lilianza kuundwa mwaka 1908, na hadi 1927 yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15. Katika vita vya huku lilibeba mizigo na majeruhi, kwa sababu lilikuwa jepesi na fundi angeweza kulitengeneza porini kwa waya na spana.

Lakini kuliendesha? Manze, ungelia. Unaliwasha kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele, na likikataa linaweza kukuvunja kifundo. Lina pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta. Mafuta unaongeza kwa mkono, karibu na usukani. Petroli nayo inateremka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo chini ya kiti hadi kwenye injini, hakuna pampu. Kwa hivyo kwenye mlima mkali, kama tangi halijajaa, petroli haifiki. Dereva alikuwa anageuza gari na kupanda kwa rivasi. Hebu fikiria zile kona za Wundanyi, unazipanda kinyumenyume!

Sasa sikiliza sehemu ambayo haipo kwenye picha za magari ya kale. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu. Mvua za 1916 ziligeuza barabara kuwa tope, magari yakazama. Unadhani mzigo ulibebwa na nani? Ulibebwa na Waafrika waliokusanywa, wengi kwa nguvu, wakaitwa Carrier Corps. Ukila nyama choma Kariokor, Nairobi, au ukishuka Kariakoo, Dar es Salaam, unataja jina lao bila kujua. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Ilikuwa njaa, kuhara na uchovu.

Voi na Taveta tuna makaburi ya vita. Nyasi zimefyekwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mstari, na askari wengi wana jina na tarehe. Mpagazi alizikwa pale alipoanguka, na jina lake likaishia hapo. Ndiyo maana mimi sioni gari la zama zile kama mchezo wa matajiri. Nikiliona, namwona Mzungu mwenye kofia kwenye usukani, halafu naona migongo iliyolisukuma kutoka kwenye tope. Chuma hicho ni shahidi. Tukikiyeyusha, tunamnyamazisha shahidi kwa bei ya chapati na maharagwe.

Utaniambia, si kuna sheria? Ipo. Sikumaliza chuo, lakini kusoma sheria hakuhitaji joho la mahafali, kwa hivyo niliisoma. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kikiwa kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Gari la 1916 limechelewa miaka 21! Waziri anaweza kutangaza kitu fulani kuwa kinalindwa, lakini hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyemwambia kipo. Na biashara ya vyuma kuukuu tunaijua. Mwaka 2022 serikali iliipiga marufuku Januari kwa sababu ya nyaya za stima zilizokuwa zinaibwa, na Mei ikairuhusu tena. Nyaya zilipata mtetezi. Historia haikutajwa.

Kwa hivyo nasema wazi: kaunti ya Taita Taveta isingoje Nairobi. Katiba ya 2010 imeweka makumbusho mikononi mwa kaunti. Hatuombi jengo la kioo. Tunaomba banda moja hapa Voi, lenye paa zuri na mlinzi, na pesa kidogo za kununua kitu cha zamani kwa bei inayozidi ya mizani. Kijana akijua banda linalipa zaidi, ataleta taa yake huko bila kuhubiriwa. Watalii wa Tsavo wanapita hapa kila siku, na tayari wapo wageni wanaokuja kutembezwa kwenye viwanja vya vita vya Salaita na Maktau. Hiyo ni kazi ya kijana anayejua hadithi yake.

Wenye mizani nao tunawaomba jambo dogo. Kabla ya kukata kitu ambacho hujawahi kukiona, kiweke pembeni siku moja na uulize.

Na wewe unayesoma hapa, kazi yako haihitaji bajeti. Wikendi hii ukienda kumwona babu Mwatate, Bura au Taveta, muulize ni gari gani la kwanza alilosikia likitajwa nyumbani kwao, na ni nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Rekodi kwa simu hiyo hiyo unayorekodia Porsche. Ukiona rimu ya ajabu chini ya mwembe au bamba lenye maandishi nyuma ya gereji, piga picha, andika mahali ulipoiona, na mwambie mwenyewe asiiuze kwanza.

Mimi nilichelewa. Taa ile nilirudi kuiulizia siku ya tatu. Mwenye mizani akaniangalia kwa huruma, akasema, "Boss, lori lilibeba jana."