GARI NA DEREVA: Mbio za Kuondoka na Mbio za Kusimama

Juma hili twajibu swali la baba mmoja mwenye watoto wanne. Asema ameonyeshwa magari mawili yaliyokwisha tumika, yote ya juu, yote ya Kijerumani. Moja ni BMW X5 M, la pili ni Porsche Cayenne Turbo. Mwanawe wa kwanza hamwachi apumue: "Baba, nunua lile linaloondoka upesi zaidi." Basi mzee auliza, lipi ni hilo?

Swali ni zuri, nasi tutalijibu. Lakini nyuma yake liko swali jingine, nalo ndilo zito.

Zamani gari la juu lilikuwa gari la kazi. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, watu waliitaka ipite matopeni na kupanda vilima, wala hakuna aliyeidai mbio. Mambo yamegeuka. Mwaka 2002 Porsche, waliojulikana kwa magari ya mashindano, walitoa Cayenne ya kwanza. Hizi mbili za mzee ni za baadaye kidogo. X5 M ilitoka mwaka 2009, nayo iliundwa Spartanburg huko Marekani ingawa kampuni ni ya Kijerumani. Cayenne Turbo ya namna ya pili ilitoka mwaka 2010, nayo ilikamilishwa Leipzig.

Sasa tuzipime. X5 M ina injini ya lita 4.4, silinda 8, na nguvu za farasi 555. Cayenne Turbo ina injini ya lita 4.8, silinda 8 vilevile, na nguvu za farasi 500. Zote mbili zina turbo mbili, yaani mapanga yanayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi ndani. Zote huendesha magurudumu yote manne. Mtu akitazama farasi tu atasema X5 M itashinda, maana imemzidi mwenzake farasi 55.

Lakini hesabu za watengenezaji wenyewe zasema hivi: toka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa, X5 M huchukua sekunde 4.7. Na Cayenne Turbo? Sekunde 4.7. Wamefungana!

Farasi wale 55 wamekwenda wapi? Kwanza, uzito. X5 M ina kilo kama 2,300, na Cayenne kilo kama 2,170. Ni kana kwamba X5 M imepakiwa mifuko miwili ya saruji na zaidi, isishushwe kamwe. Pili, gia. X5 M ina gia 6, Cayenne ina gia 8. Tatu, nguvu ya kusokota, ile inayokusukuma mgongo kitini, ni kubwa kidogo katika Cayenne: 700 kwa 680 katika kipimo cha nyutoni-mita. Basi farasi wengi wakivuta mzigo mzito huwa sawa na farasi wachache wanaovuta mwepesi.

Tofauti huonekana kwenye petroli. Katika kipimo rasmi cha Ulaya cha wakati ule, X5 M ilikunywa lita 13.9 kwa kilometa 100, na Cayenne lita 11.5. Mjini, katika msongamano, zote hunywa zaidi ya hapo.

Tena msomaji ajue kwamba sekunde 4.7 ni za barabara kavu, tairi nzuri na gari lisilo na mzigo. Weka ndani mama, watoto wanne na magunia ya sikukuu, na hesabu hiyo haipo tena. Jambo moja la kusifu: kwenye miji ya juu kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, injini zenye turbo hazidhoofiki sana kama zile zisizo nazo.

Sasa lile swali zito. Kijana ameuliza gari linaondokaje, hakuuliza linasimamaje. Kwa kilometa 100 kwa saa, gari hupita karibu mita 28 kila sekunde. Mtoto akikatiza mbele yako, sekunde moja hupotea kabla mguu haujakanyaga breki: mita 28 zimekwisha. Kisha breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji kama mita 40 nyingine. Jumla mita 68. Kwa kilometa 50, ambao ndio mwendo wa sheria mjini Kenya na Tanzania, jumla yake ni kama mita 24 tu. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Hapo hakuna Mjerumani awezaye kukuokoa, maana hiyo ni sheria ya maumbile.

Kwa hiyo, mzee wetu, kwa mbio magari hayo ni sawa. Kwa petroli Cayenne ni nafuu. Lakini yote mawili yamepita miaka kumi, na gari zee lenye nguvu za farasi 500 si kitu cha kununua kwa macho. Kabla ya kutoa fedha, mwite fundi mwaminifu ayavue magurudumu, atazame sahani za breki na unene wa pedi, kisha akuambie bei ya mpya. Aangalie springi za upepo: zikivuja, gari hulala chini usiku. Tairi nazo uziulizie dukani mapema. Za nyuma za X5 M ni pana kuliko za mbele, milimita 315 kwa 275, kwa hiyo huwezi kuzibadilishana mbele na nyuma. Kama fedha ya breki na tairi haipo, basi fedha ya gari hilo haipo.

Na huyo kijana, usimgombeze. Mpeleke mahali pa wazi pasipo watu, pamoja na mwalimu wa udereva, apime kwa hatua zake mita 68. Akifika mwisho ageuke atazame alikotoka. Mwenda pole hajikwai, nasi twapenda arudi nyumbani.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza habari za tairi: jinsi ya kujua umri wake kwa kusoma namba zilizo ubavuni. Kwaherini.