Kujilinda Kuna Mpaka



Wengine watauliza, chama cha watu wa reli kina shauri gani na vita vya mataifa? Jibu letu ni kwamba gharama ya vita hutoka katika kodi tunayokatwa mshahara, na vijana wanaopelekwa ni watoto wetu. Kwa hiyo twataka kusema juu ya neno moja ambalo Serikali nyingi hulitamka zinapovuka mpaka na bunduki: "Tunajilinda."

Kujilinda ni haki, hatubishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa sahihi San Francisco mwaka 1945, unakataza nchi kuipiga nchi nyingine. Lakini kifungu cha 51 chasema kwamba nchi iliyoshambuliwa kwa silaha yaweza kujihami mpaka Baraza la Usalama lichukue hatua, na ni lazima ilipashe Baraza habari mara moja. Ni kifungu kifupi, nacho kimepakiwa mizigo mingi ambayo si yake.

Kwetu kazini jambo hili si geni. Miaka iliyopita, katika yadi moja tuliyofanyia kazi, wezi walikuwa wakija usiku kung'oa vyuma vya reli. Mlinzi alimkuta mmoja ndani ya ua, ana panga mkononi, akampiga rungu. Hakuna aliyemlaumu. Lakini siku ya tatu mlinzi yule na wenzake walikwenda kijijini kwa yule mwizi, wakabomoa nyumba ya mama yake na kuchukua mbuzi. Wakubwa wakasema walikuwa wakilinda mali ya reli. Sisi tulikataa, tena kwa sauti: mbuzi si vyuma vya reli. Tuliosoma shule ya misheni tulikumbuka sheria ya Musa katika kitabu cha Kutoka, kwamba mwizi akipigwa akafa usiku akivunja nyumba, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kuchomoza, hatia anayo.

Mataifa nayo yana kisa chao. Desemba 1837 askari wa Kiingereza kutoka Kanada walivuka mto Niagara usiku, wakaichoma meli Caroline upande wa Marekani, kwa sababu ilikuwa ikiwapelekea waasi watu na vifaa. Mwaka 1841 Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliwataka Waingereza waonyeshe kwamba hatari ilikuwa imewafika papo hapo, kwamba hapakuwa na njia nyingine, na kwamba hawakupita kiasi. Mpaka leo wanasheria hupima kwa kipimo hicho.

Lakini kesi inayotugusa zaidi ni ya jirani zetu wa Uganda, ambao zamani reli yao na yetu ilikuwa moja. Agosti 1998 jeshi la Uganda liliingia ndani sana ya Kongo. Serikali yake ilisema inajilinda na waasi waliokuwa wakivuka mpaka na kuua raia. Raia kuuawa lilikuwa jambo la kweli, wala hatulidharau. Kongo ilipeleka mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na hukumu ikatoka tarehe 19 Desemba 2005. Mahakama haikuona ushahidi wa kutosha kwamba Serikali ya Kongo ndiyo iliyowatuma waasi wale. Ilisema Uganda haikulipasha Baraza la Usalama habari ya kushambuliwa. Tena ilisema kwamba kuteka miji na viwanja vya ndege vilivyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulio ya mpakani.

Kisangani iko mbali na mpaka wa Uganda kuliko Mombasa ilivyo mbali na Nairobi. Mtu analindaje mlango wake akiwa huko? Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku sita ndani ya mji huo, na mamia ya wenyeji wasio na ugomvi na yeyote wakafa. Mahakama ilikuta pia kwamba askari wa Uganda walipora mali ya ardhi ya Kongo. Hapo tunawakumbuka wale mbuzi.

(Tuseme kwa haki: Kongo nayo ilipatikana na kosa, kwa jinsi askari wake walivyowatendea watu wa ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa.)

Februari 2022 Mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa mafungu ya miaka mitano. Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa jenerali. Zatoka kwa mkulima wa kahawa, na kwa mfanyakazi kama sisi.

Na sisi Kenya? Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia kuwafuata Al-Shabaab. Serikali ililiandikia Baraza la Usalama, na mwaka 2012 askari wetu wakawekwa chini ya Umoja wa Afrika. Hiyo ilikuwa njia bora kuliko kwenda kimya. Swali gumu lipo: jirani asipoweza kuwazuia wauaji walio katika ardhi yake, ufanyeje? Hata majaji wa 2005 hawakulijibu. Walioomboleza Garissa mwaka 2015 wana haki ya kuuliza hivyo. Lakini tangu askari waondoke tumesikia mara nyingi habari ya ushujaa, na mara chache habari ya kikomo. Tukiuliza, tunaambiwa tunawavunja askari moyo. Anayemtuma mtu mahali pasipo mwisho ndiye amvunjaye moyo.

Jambo hili litaletwa katika mkutano ujao wa tawi. Shauri letu ni kwamba tumwandikie Mbunge wetu, tumtake aahidi kuuliza Bungeni, kabla askari hawajavuka mpaka wowote tena, hatari ni ipi na wataishia wapi. Aliye na hoja ya kutupinga aje nayo. Wako ndugu wawili katika tawi ambao watoto wao ni askari, nao watasema kwanza.